Mabeki wanne hawatoshi: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo na Kocha Mkuu

Ndugu Mkurugenzi wa Michezo, na wewe Kocha Mkuu wa timu ya hoki ya wanawake,

Salaam nyingi. Mimi ni mzazi wa mmoja wa mabeki wenu. Jina la chuo siliandiki hapa, wala la binti yangu, wala yenu, wenyewe mtajijua. Barua ya Kiingereza niliwatumia Novemba, nikajibiwa mistari miwili ya kunishukuru kwa mapenzi yangu kwa timu. Hii nimeamua kuiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani. Kwanza, nikikasirika Kiingereza hunikimbia. Pili, hapa Minnesota, Marekani, tuko wengi tunaozungumza lugha hii, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na kila baridi ikianza kuna mzazi ananipigia simu kuniuliza kama hoki ya barafuni inamfaa mtoto wa kike. Huwa nawajibu kwamba inamfaa sana. Nataka niendelee kuwajibu hivyo bila dhamiri kunisuta. Kijana wangu atawatafsiria, na nimemkataza kulainisha chochote.

Timu inafungwa. Hilo halina mjadala, ubao wa matokeo unasomeka hata kutoka mlango wa choo. Tunachotofautiana ni kwa nini inafungwa. Jumamosi iliyopita, baada ya kula mabao matano, Kocha ulisimama mbele ya kinasa sauti ukasema wasichana wamekosa moyo wa kupigana nyuma. Nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nimebeba begi la mwanangu, zito kama gunia la mkaa lililonyeshewa. Nilinyamaza kwa sababu watoto wenyewe walikuwa wanapita.

Mtauliza dereva wa basi la shule anajua nini kuhusu hoki. Viatu vya barafu sijavaa hata siku moja na sitarajii kuvaa. Magoti yangu niliyaacha Tanga. Lakini Tanga hiyohiyo nilicheza namba nne kwa miaka tisa, beki kisiki kama tulivyokuwa tukiitwa, kwenye uwanja wa mchanga ambao kona moja ilikuwa na mnazi. Nilichojifunza pale ni kwamba ukimwona beki anakaba kwa mikono, usiitazame mikono. Itazame miguu. Miguu ikishachelewa ndipo mikono inapoanza kufanya kazi isiyo yake.

Kwa ndugu zangu ambao mchezo wenyewe hawajauona: uwanja una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26, umezungushiwa ubao na vioo, na kila timu inaingiza wachezaji watano na kipa. Wanagombania kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu, gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kwenye friji kabla ya mechi ili kisidunde. Dada yangu aliyeko Tanga alipoona video akaniuliza, "Kaka, mtoto wa kike umempa rungu mkononi na visu miguuni?" Nikamjibu ndiyo, na ada anasaidiwa kwa hilo rungu.

Vipindi ni vitatu, dakika 20 kila kimoja, na hakuna binadamu anayeweza kuteleza kwa kasi ile mfululizo. Ndiyo maana wanaingia kwa zamu. Zamu nzuri ni sekunde 45 hivi, kisha unarudi benchi kuvuta pumzi na mwenzako anaingia bila mchezo kusimama. Kawaida timu hupanga mabeki sita, jozi tatu. Dakika 60 ukizigawa kwa jozi tatu, kila jozi inapata 20. Ukizigawa kwa jozi mbili, kila jozi inabeba 30. Hesabu hiyo haihitaji ile programu ya takwimu mnayoilipia kila mwezi.

Na nyinyi tangu kabla ya Krismasi mnacheza na jozi mbili.

Sababu naijua. Mmoja aliumia goti, mwingine aligonga kichwa, na ajali hazina mwenyewe. Lakini kwenye benchi hilohilo wamekaa mabeki wawili wa mwaka wa kwanza, kofia kichwani, kamba zimefungwa, kuanzia kipindi cha kwanza mpaka cha mwisho, na kazi yao ni kuwafungulia wenzao ule mlango mdogo wa benchi. Mama wa mmoja wao huendesha gari kwa muda wa saa nne kuja kumwona mtoto wake akifungua mlango. Tunakaa naye, nikamzoesha chai ya tangawizi. Hajawahi kulalamika mbele yangu, ila kipindi cha tatu kikianza hutoa uzi wake akafuma bila kuinua macho.

Tulikuwa na utani wetu kule nyumbani, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wanyamwezi wenu ni wanne, na mmoja wao ni mwanangu.

Sasa nije kwenye daftari langu. Ni daftari la mistari la dola moja, lenye doa la chai kwenye jalada. Kila bao tunalofungwa naandika dakika, nani walikuwa ndani, na zamu yao ilikuwa imefika sekunde ngapi kwa saa yangu ya mkononi. Kurasa za kipindi cha pili zimejaa wino kuliko za vipindi vingine viwili ukizijumlisha. Sababu mliijua kabla yangu, maana ni jambo ambalo kila kocha wa hoki analijua: mabenchi hayahami, timu ndizo zinazobadilishana malango. Kipindi cha kwanza na cha tatu lango letu liko upande wa benchi letu, beki akichoka anateleza kidogo tu ametoka. Kipindi cha pili lango letu linahamia upande wa mbali. Beki aliyebanwa kwenye kona kule hawezi kukimbilia benchi, akikimbia amemwacha kipa yatima. Basi anabaki. Sekunde 45 zinakuwa 70, zinakuwa 90.

Akibahatika kukipata kisahani anabutua, kama nilivyobutua mimi miaka yote ile, na kwenye mpira wa miguu kubutua kunakununulia pumzi. Kwenye barafu kunakuongezea adhabu. Ukikipiga kutoka nusu yako mpaka mwisho wa uwanja bila mtu kukigusa, hiyo wanaiita aisingi: filimbi inalia, kisahani kinarudishwa kudondoshwa mbele ya lango lako, na timu iliyobutua hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Wapinzani wanaleta watano wapya. Wako wanabaki walewale, ndimi nje.

Jumamosi hiyo nilikaa ninapokaa siku zote, nyuma ya lango letu la kipindi cha pili. Tulikuwa sare, 2 kwa 2. Mwanangu na mwenzake waliingia, wakabanwa. Alijaribu kukitoa kisahani kwa kukipitisha ukutani, kikaokotwa na mpinzani palepale kwenye mstari wa bluu, ule unaotenga eneo letu la ulinzi. Likaja shuti, akalizuia kwa mguu. Nilisikia mlio wake, kama mwiko unaogonga sufuria tupu. Akanyanyuka. Kisahani kikamwangukia, akabutua. Filimbi. Ndipo alipoinama, gongo amelilaza juu ya magoti, na kioo cha kofia yake kikawa kinafanya ukungu na kufunguka, kinafanya ukungu na kufunguka, haraka haraka. Nilitazama benchi. Wale wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wamesimama, mkono uko mlangoni. Najua kwamba wakati ule kanuni iliwazuia kuingia. Zamu ya kabla yake haikuwazuia. Kisahani kikadondoshwa, wapinzani wakakishinda, shuti la kwanza kipa akalipangua, la pili akalipangua akiwa amelala, la tatu hakukuwa na mtu wa kumwondolea. Saa yangu ilisoma sekunde 104.

Usiku ule kwenye gari alivua soksi akanionyesha. Juu ya kifundo palikuwa na uvimbe wa kama andazi, umeanza kuingia rangi ya zambarau. "Baba, nilikuwa naona watu wawiliwawili," akaniambia, kisha akalala kabla hatujafika barabara kuu.

Huyo ndiye aliyekosa moyo, Kocha.

Mchezo wa wanawake una jambo lake la pekee, na linafanya kosa hili liwe ghali zaidi. Kumvaa mpinzani kwa mwili ili kumwangusha hakuruhusiwi katika hoki ya wanawake vyuoni. Beki wa kike anakaba kwa akili na kwa miguu: anamfupishia mshambuliaji nafasi, anamsukumia pembeni kuelekea ukutani, anaweka gongo pale pasi ingepita. Ni ukabaji mtamu sana kuutazama ukifanywa na mtu mwenye nguvu zake, kama mchungaji anayegeuza ng'ombe bila kumpiga. Lakini unadai uwahi. Ukichelewa nusu hatua kinachobaki ni kunasa kwa gongo au kumpiga mtu mtama, na hiyo ni dakika mbili nje, wanne dhidi ya watano. Na nani anaingia kuziba wanapokuwa wanne? Mabeki walewale. Mmewahi kukaa mkahesabu ni adhabu ngapi zetu zinakuja mwishoni mwa zamu ndefu? Mimi daftari langu liko wazi, njooni mlione.

Sisemi wasichana hawakosei. Mwanangu ana ugonjwa wa kupitisha kisahani mbele ya lango lake mwenyewe, jambo ambalo Tanga mashabiki wangemfuata hadi nyumbani. Mwenzake wa jozi anapenda kumtazama mwenye kisahani akamsahau anayejipenyeza nyuma yake kuelekea nguzo ya mbali. Nimeyaona, nimeyaandika. Swali ni nani anayewarekebisha. Kocha msaidizi aliyekuwa akishughulika na mabeki aliondoka majira ya joto. Nafasi yake ilitangazwa, kisha tangazo likashushwa, na mpaka leo ninapoandika hakuna aliyeajiriwa. Mazoezini mabeki wamegeuka vizuizi vya washambuliaji kujifunzia kupenya. Hilo sikuambiwa na mwanangu, nimeliona kwa macho, maana mazoezi ya Jumatano huwa wazi na ruti yangu huisha saa kumi jioni.

Hapa nazungumza na wewe, Ndugu Mkurugenzi, si Kocha. Mwaka huu uwanja umefungwa kioo kipya cha matokeo, kikubwa kuliko ukuta wa sebule yangu. Kina picha safi ajabu. Sasa bao tunalofungwa tunarudishiwa polepole, kwa pembe tatu. Sijui bei yake na sitaibahatisha. Najua tu kwamba fedha zilipatikana za kutuonyesha beki wetu akichelewa, hazikupatikana za mtu wa kumfundisha asichelewe.

Kipa sitamsema kwa urefu kwa sababu sina cha kumlaumu. Wiki iliyopita, wachezaji walipojipanga kupeana mikono, nilimwona anamwomba radhi kila mwenzake, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa miaka ishirini, kapangua mashuti usiku kucha mengine hata hayaoni kwa kuzibwa na miili mbele yake, halafu anaomba radhi yeye. Kocha, ulikuwa nyuma yake kwenye mstari ule. Ungeweza kumshika bega.

Inawezekana mnaamini watu wanakuja kutazama mabao na ulinzi hauuzi tiketi. Mko Minnesota lakini. Ubingwa wa kwanza wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, wa hoki ya wanawake, mwaka 2001, ulichukuliwa na Chuo cha Minnesota Duluth, na msimu wa 2012–13 Chuo Kikuu cha Minnesota kilicheza mechi 41 kikashinda zote 41. Watu wa huku wanaujua mchezo, huwezi kuwaficha. Na tazameni fainali za karibuni: 2023 Wisconsin waliifunga Ohio State bao 1 kwa 0. Mwaka 2024 walikutana tena haohao, Ohio State wakashinda, 1 kwa 0. Fainali mbili mfululizo, dakika 120 za barafu, mabao mawili. Hao Wisconsin ndio waliochukua ubingwa wao wa nane 2025, na mmoja wa nyota wao, Laila Edwards, ni binti ambaye picha yake iko ukutani kwenye chumba cha mwanangu tangu 2023, alipokuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Marekani. Alikuwa mshambuliaji, akawa mchezaji bora wa mashindano ya dunia ya 2024. Halafu timu ya taifa ikamrudisha nyuma acheze beki. Kule juu, mwenye kipaji kikubwa anapewa lango alilinde, na hakuna anayeona ameshushwa cheo. Na Angela Ruggiero wa Harvard, aliyepewa tuzo ya Patty Kazmaier mwaka 2004 kama mchezaji bora wa vyuo vyote, alikuwa beki.

Mwanangu anayajua haya kuliko mimi. Alipokuwa na miaka kumi alimkataa kocha aliyetaka kumpeleka mbele. Alisema anapenda kuona uwanja wote uko mbele ya macho yake. Maneno yangu hasa, na naapa sikumfundisha.

Kuna hofu nyingine ambayo wazazi tunaizungumza kwenye maegesho, injini zikiwa zinawaka, na ni afadhali mtu aiseme kwa sauti. Timu za wanawake zinafutwa kirahisi nchi hii. Chuo Kikuu cha North Dakota kiliifuta timu yake ya hoki ya wanawake Machi 2017 kwa sababu za bajeti, ingawa ilikuwa imewatoa mapacha Lamoureux, haohao waliorudi na dhahabu ya Olimpiki mwaka uliofuata, mmoja akisawazisha kwenye fainali na mwingine akifunga penalti ya ushindi. Chuo Kikuu cha Robert Morris kilitangaza 2021 kuzifuta timu zake za hoki, ya wanaume na ya wanawake, na barafu ikarudi tu baada ya watu kupiga kelele na kuchangishana. Wakacheza tena 2023. Kwa hiyo mkiniambia huu ni mwaka mbaya tu na utapita, mniwie radhi nikiwa na wasiwasi. Timu inayoachwa ifungwe msimu mzima ni rahisi kuandikiwa ripoti ya kuifuta. Sidai kwamba hilo ndilo mnalolipanga. Nataka mlikanushe, kwa maandishi, na mkanusho wenyewe muwapelekee wasichana, mimi si lazima niuone.

Ninachoomba si kikubwa. Kocha, waingize wale wawili wa mwaka wa kwanza. Watakosea, watatufungisha, mashabiki watanung'unika, na mimi nitawapigia makofi hadi viganja viwe vyekundu. Waanze kwa zamu fupi kipindi cha kwanza, benchi likiwa karibu, ili kipindi cha pili kikifika wale wanne wawe bado na miguu. Yule anayetufungia mabao mbele msimrudishe tena kuziba nafasi ya beki katikati ya mechi kama mlivyofanya mwezi uliopita. Alikuwa anateleza kama mtu aliyepotea stendi. Na kauli ile ya kukosa moyo uifute mbele yao, kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo, ambako mimi siingii.

Ndugu Mkurugenzi, kwako ni hilo la kocha wa mabeki. Kama fedha za mwaka mzima hazipo, mtafuteni hata wa muda mpaka Machi. Mkoa huu umejaa wanawake waliocheza beki vyuoni na sasa wako maofisini, mashuleni, hospitalini. Mwalimu mmoja wa shule ninayopeleka watoto kila asubuhi ni mmoja wao. Anapanda basini kusaini karatasi zangu, tunaongea dakika tatu za ulinzi, na katika dakika hizo tatu alinieleza kosa la mwanangu la kupitisha kisahani katikati vizuri kuliko mwanangu alivyowahi kuelezwa msimu huu. Nilimweleza mwanangu kwa simu jioni ileile. Mechi iliyofuata alikipitisha ukutani mara nne. Niliandika kwenye daftari.

Ijumaa hii tunacheza nyumbani. Nitamaliza ruti, nitapita kumchukua yule mama wa uzi stendi kwa sababu gari lake limegoma kwa baridi, na kipindi cha pili nitakuwa palepale nyuma ya lango, kiti cha tatu kutoka mlango wa wazima moto. Nimemwahidi mama huyo kwamba nikimwona binti yake anapita ule mlango mdogo kuingia barafuni badala ya kuufungua, nitasimamisha saa yangu na kuandika muda huo kwa wino mwekundu. Kalamu nimeshanunua.

Wenu katika mchezo,

Baba wa beki, Minnesota